Ahadi ya Kutomwacha Mtu: Historia Fupi ya Helikopta ya Uokoaji Vitani

Katika semina moja ya historia ya vita vya karne ya 20, mwanafunzi wangu aliuliza swali lililolinyamazisha darasa zima: kuna busara gani kuhatarisha maisha ya watu sita ili kumwokoa mmoja? Nilimjibu kwa haraka, na jibu langu halikuniridhisha hata mimi mwenyewe. Leo nalirudia swali hilo kwa kufuatilia historia ya chombo kilichoundwa kwa ajili ya kazi hiyo hasa: helikopta ya kutafuta na kuokoa watu vitani.

Historia hii inaanzia Burma, Aprili 1944. Ndege ndogo ya Marekani iliyobeba askari watatu majeruhi wa Uingereza ilianguka msituni, katika eneo lililokuwa mikononi mwa Wajapani. Luteni Carter Harman alitumwa na helikopta aina ya Sikorsky YR-4B. Injini yake ilikuwa dhaifu, na katika joto lile haikuweza kubeba abiria zaidi ya mmoja. Harman alikwenda na kurudi kwa siku mbili, akiwatoa mmoja baada ya mwingine, hadi rubani na majeruhi wote watatu walipokuwa salama. Chombo kilikuwa duni, lakini tangu siku hiyo askari aliyeangukia kwa adui alikuwa na sababu ya kutazama juu.

Vita vya Vietnam ndivyo vilivyolikomaza wazo hilo. Mwanzoni ilitumika HH-43, helikopta iliyokusudiwa kuzima moto na kuokoa watu jirani na viwanja vya ndege. Haikufika mbali. Ikafuata HH-3E, yenye mabamba ya kukinga risasi na winchi ya kumvuta mtu kutoka chini ya miti. Kisha likapatikana jambo lililobadili kila kitu: kuijaza helikopta mafuta ikiwa angani. Mwaka 1967 HH-3E mbili zilivuka bahari ya Atlantiki bila kutua, zikijazwa mafuta njiani. Umbali haukuwa tena kisingizio.

Hata hivyo, ahadi hiyo ilikuwa na gharama. Aprili 1972, Luteni Kanali Iceal Hambleton aliangushwa katikati ya mashambulizi makubwa ya Vietnam Kaskazini. Tarehe 6 Aprili helikopta iliyokwenda kumchukua ilitunguliwa, na watu wote sita waliokuwamo wakafa. Ili Hambleton asidhurike, upigaji wa mizinga ulizuiwa hadi kilomita 27 kutoka alipokuwa, ilhali askari wa Vietnam Kusini waliokuwa ndani ya eneo hilo wanashambuliwa na wanahitaji mizinga hiyohiyo. Mwishowe aliokolewa na Tom Norris na mwanamaji wa Vietnam Kusini, Nguyen Van Kiet, waliomfuata usiku kwa mtumbwi. Mashine ilishindwa, watu wawili wakaweza.

Adui mwingine wa ahadi hii hana bunduki. Novemba 2006 Jeshi la Anga la Marekani liliichagua kampuni ya Boeing itengeneze helikopta mpya 141 za uokoaji. Kampuni zilizoshindwa zilikata rufaa, na mwaka 2007 ofisi ya ukaguzi ya Bunge ikakubaliana nazo. Mwaka 2009 Waziri wa Ulinzi, Robert Gates, akaufuta mradi wote. Mkataba mwingine ulisainiwa na Sikorsky mwaka 2014, na helikopta yake, HH-60W, ikatangazwa kuwa tayari kwa kazi Oktoba 2022. Miaka 16 ilipita tangu uamuzi ule wa kwanza. Wakati huo wote waokoaji waliendelea kurushwa na helikopta zilizozidi kuzeeka. Watumishi wa umma wanaosoma hapa wanaelewa vyema: zabuni iliyoandaliwa vibaya nayo huamua nani ataokolewa.

Sasa narudi kwa mwanafunzi wangu. Hesabu ya sita kwa mmoja ni sahihi, lakini haijakamilika. Anayeokolewa ni mmoja. Wanaorushwa vitani kesho yake kwa kuamini kwamba nao watafuatwa ni maelfu. Serikali inayomwomba mtu ahatarishe uhai wake imejitwika deni, na helikopta hii ni namna moja ya kulilipa.

Lakini kisa cha Hambleton kinatutaka tuulize swali la pili, zito kuliko la kwanza: ahadi hiyo inamhusu nani? Askari wa Vietnam Kusini walionyimwa mizinga walikuwa washirika, si maadui. Wanakijiji waliokuwa chini ya mabomu hawakuwa na helikopta ya kuwafuata. Taifa lisipimwe kwa bidii yake ya kuwaokoa watu wake peke yake. Lipimwe pia kwa wale liliowaacha nje ya hesabu.

Semina ijayo nitaanza na swali hilo.