Kiboko Kilipotoka, Nani Aliingia?

Nilipoingia kidato cha kwanza mwaka 2005, shule yetu ya bweni ilikuwa na mlango ulioandikwa "Ushauri Nasaha". Ndani kulikuwa na nyavu za voliboli na viti vilivyovunjika. Mwalimu mwenye cheo hicho alikuwa anatufundisha kemia. Siku moja mwenzangu wa dawati, aliyefiwa na mama yake likizoni, alijikaza akamwendea.

"Mwalimu, naomba tuongee."

"Njoo Alhamisi, kijana wangu. Leo nina karatasi za kusahihisha."

Alhamisi ikawa siku ya mtihani. Muhula uliofuata rafiki yangu hakurudi shuleni.

Kwa miaka mingi nilimlaumu yule mwalimu. Baadaye kazi ya uandishi wa habari ikanifikisha kwenye historia ya jambo hili, na lawama zangu zikahama.

Wizara ya Elimu ya Kenya ilianzisha kitengo cha ushauri nasaha mwaka 1971. Mwaka 1976 Kamati ya Gachathi ilitia mkazo huduma hiyo shuleni. Yaani wazo lenyewe lina umri wa wazazi wetu! Lakini kazi ilikabidhiwa walimu ambao tayari walikuwa na vipindi vyao, na kiboko kikabaki kuwa jibu la haraka. Mtoto akichelewa, kiboko. Akinyamaza akiulizwa swali, kiboko.

Halafu ikaja mioto. Machi 1998, wasichana 26 walifariki bwenini Bombolulu, huko Pwani. Usiku wa kuamkia 26 Machi 2001, wavulana 67 waliteketea Kyanguli, Machakos. Mwaka huohuo serikali ilipiga marufuku viboko shuleni, na jopo lililoongozwa na Naomy Wangai likachunguza fujo za wanafunzi. Likapendekeza, pamoja na mengine, ushauri nasaha uimarishwe. Pendekezo la miaka ya sabini likarudi likiwa na tarehe mpya.

Sisemi kwamba kila moto uliwashwa na huzuni isiyosikilizwa. Kulikuwa na hasira za mitihani, msongamano, na madirisha yenye vyuma yaliyowanyima watoto njia ya kutokea. Ninachosema ni hiki: kufuta kiboko kulihitaji tangazo moja la serikali. Mshauri anahitaji mafunzo, mshahara, muda, na chumba kisichokuwa stoo. Anahitaji pia kuaminiwa. Mwanafunzi atampaje siri yake mtu ambaye kesho atakaa kwenye kikao cha kumfukuza?

Basi sisi tuliosoma baada ya 2001 tulikuwa kizazi cha katikati. Kiboko kilikatazwa, ingawa hakikuisha, na aliyetakiwa kuja badala yake hakuajiriwa. Shule nyingi bado zinamtegemea mwalimu mwenye chaki mkononi.

Mwaka jana nilikutana na yule mwalimu sokoni, amestaafu. Tulisalimiana, akaulizia wazazi wangu, kisha akanyamaza kidogo.

"Na yule kijana mliyekuwa mkikaa naye? Nilimwambia aje Alhamisi."

Miaka karibu ishirini, na bado alikumbuka siku.

"Sijui alipo, Mwalimu," nikamjibu.

Akatikisa kichwa. "Nilikuwa na vipindi ishirini na saba kwa wiki," akasema, lakini si kama mtu anayejitetea.