Jinsi seli za kinga zinavyosaidia jeraha kupona

WENGI hudhani kwamba kupona kwa jeraha ni kazi ya ngozi pekee. Hata hivyo, sehemu kubwa ya kazi hiyo husimamiwa na seli za kinga, zile zile zinazopigana na viini vya maradhi.

Seli hizo hutoa protini ziitwazo vichochezi vya ukuaji, ambazo hupeleka ujumbe kutoka seli moja hadi nyingine. Stanley Cohen na Rita Levi-Montalcini walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1986 kwa kugundua vichochezi vya aina hii.

Ngozi inapokatika, chembe sahani za damu hushikana na kuziba mshipa uliopasuka. Papo hapo humwaga vichochezi, kikiwemo PDGF, vinavyoziita seli za kinga.

Nyutrofili ndizo hutangulia, katika muda wa saa chache, na huua bakteria. Siku mbili au tatu baadaye, makrofaji hushika usukani.

Makrofaji kwanza humeza bakteria na mabaki ya seli zilizokufa. Kisha hubadilika na kuanza kuagiza ujenzi. Kichochezi cha VEGF huchipusha mishipa mipya ya damu, nacho TGF-beta huamuru kutengenezwa kwa kolajeni, yaani nyuzi zinazoipa ngozi uimara. TGF-beta ikizidi, kovu huweza kuwa nene na kuvimba.

Umuhimu wa makrofaji ulidhihirika mwaka wa 1975, watafiti Leibovich na Ross walipozipunguza katika wanyama wa maabara. Vidonda vilichelewa kusafika na kujengeka upya.

Hali inayokaribiana na hiyo huwakumba wagonjwa wengi wa kisukari. Makrofaji zao hukawia kuvuka kutoka hatua ya vita hadi ile ya ujenzi. Uvimbe huendelea, na vimeng'enya vinavyotoka kwenye seli hizo huharibu vichochezi kabla havijafanya kazi. Kidonda cha mguu hubaki wazi kwa miezi, na kikiambukizwa, mguu huenda ukakatwa.

Mnamo 1997 Marekani iliidhinisha dawa ya kupaka yenye PDGF kwa vidonda vya miguu vya wagonjwa hao. Lakini dawa hiyo husaidia tu pale ambapo damu inafika vyema na kidonda kimesafishwa.

Kwa hivyo, kubadilisha bandeji pekee hakutoshi. Mgonjwa wa kisukari anapaswa kudhibiti sukari, kuacha sigara, kutoukanyagia mguu wenye kidonda na kukagua nyayo kila siku. Kidonda, hata kikiwa kidogo na kisicho na maumivu, kinahitaji kuonwa na daktari mapema, kwani kisukari huweza kuua hisia za miguu.