Mji Uliovikwa Umbo la Mama Mfiwa

Mji wa Yerusalemu ulipoangushwa na majeshi ya Nebukadreza wa Babeli, yapata mwaka 587 kabla ya Kristo, hekalu likateketezwa na wakuu wakahamishwa, washairi wa Kiyahudi waliosalia katika mahame yale waliutia mji wenyewe roho na sauti katika kitabu cha Maombolezo, wakaufanya mjane aketiye peke yake, aliaye usiku kucha pasipo rafiki wa kumfariji. Tashihisi hiyo ina asili ya mbali zaidi, kwani karne nyingi kabla yao Wasumeri walikwisha kutunga kilio cha mungu wao wa kike, Ningal, akiulilia mji wa Ur. Lakini Wayahudi, wasioabudu ila Mungu mmoja, walikitia kilio hicho kinywani mwa mji.

Waliokuja baadaye wakairithi sanaa hiyo kwa taadhima. Katika kitabu cha Baruku, Yerusalemu ni mama anayewapa wanawe moyo wa kustahimili. Katika kitabu cha Ezra wa Nne, kilichotungwa baada ya Warumi kulibomoa hekalu mwaka 70, mwanamke amliliaye mwanawe hugeuka kuwa mji mbele ya macho ya nabii. Na Yohana, katika Ufunuo, akamvika mama yule mavazi ya bibi arusi.

Sisi wa mji wa Bukavu, tulioona majeshi yakiingia mwaka 1996, Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa alipouawa tarehe 29 Oktoba, yakaingia tena mwaka 2004, na tena Februari 2025, twafahamu kwa nini walitunga hivyo: wafu wakizidi hesabu, moyo huchoka kuhesabu na machozi hukauka, ilhali mama mmoja mfiwa kila mtu aweza kuketi naye matangani.

Kanisa Katoliki limezoea tangu kale kuyaimba Maombolezo katika Juma Kuu, na aghalabu masikio hushikwa na yule mjane wa sura ya kwanza. Nawasihi wasomaji wasiishie hapo. Katika sura ya tano mwanamke yule amenyamaza, wanasema watu wenyewe, wakitaja maji yao wanayoyanunua kwa fedha, kuni zao wanazouziwa, na, katika mstari wa kumi na moja, wanawake walionajisiwa katika Sayuni. Sura hiyo ina mistari 22 tu. Isomwe yote makanisani mwetu, kwa sauti, wala mstari wa kumi na moja usirukwe.