Mumiani: Hadithi Isiyo na Mwenyewe

Mumiani kwanza lilikuwa jina la dawa. Neno limetoka Uajemi, nalo lilitaja kitu cheusi mfano wa lami, kilichouzwa kwa wenye majeraha na mifupa iliyovunjika. Hofu ikakibadili: ikasemwa kuwa kitu hicho ni damu ya watu waliouawa, iliyogandishwa. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 yashuhudia kwamba uvumi huo ulipozuka mjini, watu walikuwa hawatoki nje usiku ila kwa nadra.

Mji kama Tanga uliifaa sana hadithi ya namna hii. Mkonge, ulioletwa pwani hiyo mwaka 1893, uliwavuta vibarua kutoka nchi za mbali. Wasiojuana wakakutana katika Kiswahili. Na katika miji ya Afrika Mashariki kila msimulizi aliongeza lake: huyu gari jekundu la zimamoto, yule shimo la kufichia watu. Uzuri wa utungo huu ni kwamba hauhitaji jini wala zimwi. Kitu cha kila siku chatosha kutisha. Tena hofu yenyewe haikuwa ya bure, kwani mkoloni alichukua nguvu za watu bila ya kueleza faida ilikokwenda.

Lakini aibu yake ni kukosa mwenyewe. Mtunzi wa kitabu huulizwa. Mtunzi wa uvumi haulizwi. Mwaka 1959, huko Buguruni, Dar es Salaam, askari polisi aliuawa na umati ulioamini mumiani. Hadithi ilikuwa ya wote. Damu iliyomwagika ilikuwa ya mtu mmoja.