E12: namba ya sukari ya njaa

Wandugu, kwenye kitabu cha CIM-10, ambacho hospitali zinatumia kwa kuandika magonjwa, sukari ina nafasi tano: E10 mpaka E14. Wengi wetu tunajua E10 na E11 tu. Leo tuongee E12, sukari ya kukosa chakula.

Ilianza Jamaica, mwaka 1955. Munganga Philip Hugh-Jones aliona vijana wembamba ambao walihitaji insulini nyingi, lakini wakiikosa hawakuanguka haraka kama wale wa vitabu. Akawaita tipe J. Mwaka 1985 OMS ikapatia sukari ya njaa darasa lake, na CIM-10, iliyokubaliwa 1990, ikaipa E12. Kuna waliosema kosa ni la muhogo, juu ya sianidi yake (sisi watu wa bukari, tunashitakiwa kila mara!), lakini ushahidi ulikuwa mdogo.

Basi mwaka 1999 OMS ikafuta lile darasa. Wenye mawe kwenye kongosho wakapelekwa kwa sukari ya pili, ile inayotoka kwa ugonjwa mwingine. Wale wa njaa tupu wakabaki inje. Ajabu ni kwamba E12 yenyewe haikutoka kitabuni: namba bila darasa! Kijana mwembamba akifika, ni rahisi fishi yake iandikwe E14, sukari isiyoelezwa, na kwenye hesabu ya mwaka anapotea.

Aprili 2025, kule Bangkok, Shirikisho la Kimataifa la Kisukari likamrudisha kwa jina jipya: tipe 5. Miaka 70 nyuma ya Jamaica.