Waashi wa York na Mchezo wa Fergus: Ibada, Gharama na Heshima ya Fundi

Michezo ya kidini ya mji wa York, Uingereza, aghalabu huelezwa kama sadaka ya mafundi kwa Mungu: waunda merikebu walijenga safina ya Nuhu hadharani, waoka mikate wakaandaa Karamu ya Mwisho, nao mafundi misumari wakamsulubisha Yesu. Ulinganifu huo unavutia, lakini unafunika jambo moja la msingi. Mchezo ulikuwa pia wajibu uliosimamiwa na halmashauri ya mji. Mwaka 1415 karani wa mji, Roger Burton, aliorodhesha michezo pamoja na vyama vya mafundi vilivyopaswa kuigiza. Kila chama kiligharimia mchezo wake, ulioigizwa juu ya gari lililosukumwa kutoka kituo hadi kituo siku ya Sikukuu ya Mwili wa Kristo, kuanzia alfajiri.

Shauri la waashi la mwaka 1431 linadhihirisha mvutano uliokuwamo. Walikuwa na mchezo wa mazishi ya Maria, ambamo Fergus anapigwa. Walilalamika kwamba kisa hicho hakimo katika Maandiko Matakatifu. Kwamba kilizua kelele na vicheko badala ya ibada, hata ugomvi na mapigano. Tena kwamba ni nadra sana kuweza kukionyesha mchana. Hoja hii ya mwisho si ndogo. Katika mfululizo wa michezo karibu hamsini, waliopangwa mwishoni walikutwa na giza.

Wakati huohuo masonara, waliobeba michezo miwili, walieleza kwamba wamefukarika na hawaimudu gharama. Waashi wakapewa mmojawapo, ule wa Herode.

Baadhi ya wachambuzi huiona michezo hii kuwa kodi tu iliyovishwa joho la dini. Kwa maoni yangu, shauri hili linawapinga. Waashi hawakuomba kupumzishwa. Waliomba mchezo unaoafikiana na Maandiko na unaoweza kuonekana kwa nuru ya jua. Kilichowakera ni kugharimia kichekesho.

Fergus alikuja kuangukia mikononi mwa wafumaji wa kitani. Matini yake haimo katika rejesta ya mji iliyonakiliwa baadaye katika karne ya 15, hivyo vicheko vile tunavijua kupitia malalamiko ya walioona aibu navyo.