Mbolezi: Ombi Ndani ya Kilio

Vitabu vya fasihi simulizi vya shule za sekondari nchini Kenya huitaja mbolezi pamoja na hodiya, nyiso, kimai na wawe, kisha huieleza kwa ufupi: wimbo wa huzuni unaoimbwa msibani. Fasili hiyo si kosa, ila imepungukiwa. Huzuni ni hali ya mwimbaji. Haituelezi anafanya nini kwa wimbo wake. Makala haya yanadai kwamba jibu limo katika neno lenyewe: mbolezi ni ombi.

Tuanze na umbo. Mbolezi imetokana na kitenzi omboleza, irabu ya mwanzo ikadondoka. Mwishilio wake tunaujua: sikia huzaa sikiliza, yaani kusikia kwa makini, bemba huzaa bembeleza, kubemba bila kuchoka. Kwa mizani hiyo, omboleza ni kuomba kwa kung'ang'ania. Mpinzani atauliza: mbona irabu ya katikati ni o, ilhali kauli ya kutendea ya omba ni ombea? Swali ni zito. Irabu hiyo inafanana na ile ya chomoa na ondoa, vitenzi vya kutoa kitu mahali kilipo, ambavyo l yake iliyomezwa hurudi tunaposema chomolea na ondolea. Naona humo dalili kwamba omboleza ni kulitoa nje ombi lililokwama kifuani.

Matumizi yanaiunga mkono hoja hii. Katika Biblia ya Kiswahili, Luka 7:32, watoto sokoni wanawalaumu wenzao: wao wameomboleza, wenzao hawakulia. Mfasiri amevitenga vitenzi viwili. Kuomboleza ni wito. Kulia ni itikio lake. Kitabu cha Maombolezo nacho kina sura 5, na ya mwisho yote ni dua ya kumsihi Mungu ayakumbuke yaliyowapata watu wake.

Msibani ni vivyo hivyo. Anayeongoza mbolezi hamsemi marehemu, bali humsemesha. Humwuliza watoto amemwachia nani, humtaka aamke, na akiona kimya humtuma salamu kwa waliotangulia. Mama anayeimba bembelezi humsihi mtoto alale. Huyu humsihi aliyelala ainuke.

Hapo ndipo mbolezi inapoachana na rithai, istilahi iliyotoka Kiarabu, ambako kiini ni kuzihesabu sifa za marehemu mbele ya walio hai. Kwa kigezo hiki, shairi la Shaaban Robert, "Amina", ingawa ni utungo wa maandishi, lina damu ya mbolezi, kwa kuwa linamwita mke aliyefariki na kuzungumza naye.

Itasemwa kwamba Uislamu umekataza niyaha, kumlilia maiti kwa mayowe, na kwamba matanga mengi ya pwani husomwa hitima badala ya kuimbwa mbolezi. Ni kweli. Lakini tazama kilichobaki: watu wamekaa mkekani, mikono imeinuliwa, marehemu anaombewa. Ombi lipo palepale; aliyebadilika ni anayeombwa.

Basi mwalimu anayeifundisha mbolezi asiishie kuwauliza wanafunzi wimbo una hisia gani. Awaulize pia: nani anaombwa, na anaombwa nini?